Kamanda na Koleo Namba Kumi na Saba

Bado siwezi kutamka jina lake bila moyo kunienda mbio, kwa hiyo sitalitaja. Nitamwita Kamanda, kama mtaa wetu wote wa Migosi, hapa Kisumu, unavyomwita. Aliwahi kuongoza kambi ya ndege za kijeshi, na kabla ya hapo, akiwa rubani kijana, aliichezea nchi raga na kusafiri hadi mahali ambapo mimi nimepaona kwenye ramani tu. Kwa miaka kumi na minne amekuwa jirani yetu, lango la bluu mkabala na letu. Ndiye aliyenifundisha kukimbia na mpira, kuhesabu vitu, na kupumua kabla ya mtihani. Mwezi uliopita niligundua kwamba ndiye pia aliyemwacha babu yangu, baba yake mama, aitwe mwizi kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa upole zaidi. Nimeifuta mara sita. Haipoi.

Niseme kwanza nilivyomjua. Nisipofanya hivyo nitamwonea. Nikifanya hivyo naogopa nitamtetea.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjamana na kuvimba, kama andazi lililotolewa kwenye mafuta mapema. Alilipata kwenye skramu, pale wachezaji wa mbele wanapofungana mabega na kusukumana vichwa kama mafahali. Watoto wa mtaa waliambiana kwamba aliumwa na simba, na yeye hakuwakosoa. Alikuwa na shingo nene, magoti mabovu, na sauti ambayo hakuwahi kuipandisha. Akikasirika alizidi kuishusha, mpaka unalazimika kumsogelea ili usikie anavyokugombeza.

Hakuna asubuhi aliyoingia kwenye pikapu yake bila kuizunguka kwanza. Alianzia gurudumu la mbele kulia, akaligusa kwa kiganja, akaendelea: taa, mlango, gurudumu la nyuma, bampa, upande wa pili, hadi alipoanzia. Ndivyo rubani anavyoizunguka ndege kabla ya kuruka. Haamini macho, anaamini mkono. Kule Kondele pia, kila alipotaka kuondoka, vijana wa boda boda walimngoja kwa hamu.

"Kamanda, hiyo ni pikapu, si ndege! Inaumwa wapi leo?"

"Na wewe pikipiki yako umeigusa asubuhi?"

"Nimeikalia, si inatosha?"

"Utaikalia mpaka siku itakayokukalia wewe."

Walicheka, lakini baadaye niliona wawili wao wakibonyeza magurudumu kabla ya kuwasha, wakitazama huku na huku kama watu wanaofanya jambo la aibu.

Mtu huyo aliyepita juu ya mawingu kwa nusu ya maisha yake alikuwa anaogopa ziwa. Tulipokwenda ufuo wa Dunga na timu yake ya raga kula samaki, wasichana walipanda mashua wazunguke kidogo kwenye gugu maji. Yeye alibaki nchi kavu, mgongo ameupa maji. Mwenye mashua alimwita, "Mzee, umeendesha ndege ya vita, utaogopa mbao hizi?"

"Ndegeni nilikuwa na kiti cha kunirusha nje na parachuti," alisema. "Nionyeshe kiti chako kiko wapi."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Mimi huogopa vitu vingi, na ilikuwa faraja kubwa kuona mtu mzima mwenye shingo kama ile akiogopa kitu hadharani na kukitolea sababu.

Timu ilikuwa ya wasichana, na ilianza kwa bahati. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipomkuta kwenye kiwanja cha shule ya msingi, peke yake, akipiga mpira wenye umbo la yai na kuufuata mwenyewe kwa magoti yale. Ulinijia. Niliudaka kwa hofu tu, ili usinivunje pua. Wiki iliyofuata tulikuwa wanne, baadaye kumi na wanane. Mafundisho yake yalikuwa machache na aliyarudia bila kuchoka. "Pasi inakwenda nyuma," alisema. "Mchezo mwingine wote duniani unapeleka mpira mbele. Huu unakutaka kwanza ujue ni nani yuko nyuma yako." Mimi alinipa namba kumi na tano, yule anayebaki nyuma ya wenzake wote.

"Kwa nini mimi nyuma, Mzee? Ni kwa sababu mimi ni mwoga?"

"Kwa sababu unafikiria sana. Wanaofikiria sana wakae pale wanapoona uwanja wote."

Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko hivyo. Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Akaniita Kumi na Tano.

Kulikuwa na mambo juu yake yasiyolingana. Sebuleni alitundika picha saba za raga, na ya ndege hakuna hata moja. Mwalimu mkuu alipotaka kiwanja kiitwe kwa jina lake alikataa, na alishusha sauti mpaka mwalimu mkuu akasogeza kiti. Alisahau miwani yake kila mahali, pengine kichwani mwake mwenyewe, lakini bisibisi iliyohama sentimita mbili aliijua kutoka mlangoni.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ubao.

Katika stoo yake ulikuwepo ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe, na juu yake kila kifaa kilikuwa kimechorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi: nyundo, msumeno, spana kumi na mbili kwa ukubwa wao, bisibisi. Kifaa kikitolewa kivuli kinabaki, na macho yanaona pengo mara moja. Ndivyo wanavyofanya kwenye banda la ndege, alitueleza. Kila fundi ana vibati vyenye jina lake. Akichukua kifaa anatundika kibati kwenye kivuli, na jioni hesabu inafanywa. Kifaa kimoja kikikosekana, hakuna ndege inayoruka na hakuna mtu anayekwenda nyumbani, maana spana iliyosahauliwa ndani ya injini inaweza kuangusha ndege nzima.

Kwake vibati vilikuwa vifuniko vya chupa za soda, vimetobolewa na kuandikwa kwa rangi. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani Kondele, alikuwa na chake. Mwenye duka la kona alikuwa na chake. Mimi nilikuwa nacho, 15. Jirani mmoja alichukua nyundo bila kutundika kifuniko, akakutana na adhabu ya ajabu: Kamanda aliketi kwenye ngazi ya jirani huyo tangu saa nne asubuhi hadi saa nane, kimya, akingoja nyundo irudi.

Lakini kulikuwa na kivuli kimoja kisichowahi kujazwa. Kilikuwa cha koleo, lile dogo la mkononi la kubania na kukazia. Kilikuwa na kifuniko kimoja chenye kutu, kimegeuzwa, maandishi yake yanatazama ubao.

"Nani alichukua koleo?" niliuliza nikiwa bado mdogo.

"Mtu anayejulikana."

"Mbona harudishi?"

"Ni mzembe," alisema, akazima taa ya stoo.

Sasa babu.

Babu anaishi Pap Onditi, kule Nyakach, anatengeneza baiskeli na pampu za maji kwenye veranda yake. Zamani alikuwa fundi wa ndege wa jeshi, mtunza ubao wa vifaa wa zamu. Ijumaa moja jioni hesabu ilipungua koleo moja, namba kumi na saba. Walifungua ndege tatu, wakatoa kila kifuniko cha injini. Hawakupata kitu. Wakubwa wakaamua kwamba ama ameliiba, ama amelipoteza na kuficha. Akafukuzwa. Habari ilipofika nyumbani ilikuwa imekua njiani: koleo likawa injini, injini ikawa ndege. Kule Pap Onditi babu akaitwa Mwizi wa Ndege. Mama alipokuwa shuleni wenzake walinyoosha mikono kama mabawa na kuvuma akipita. Nyanya yangu alizaa naye watoto watano na hakumwamini hata siku moja. Sufuria ikipotea alisema, "Muulizeni rubani wenu."

Babu alitoa jibu moja tu maisha yake yote: "Sikulichukua." Na kila jioni, kabla hajafunga veranda, anahesabu spana zake kwa kuzigusa moja moja.

Mimi ambaye nikitumiwa ujumbe wa maneno mawili nausoma mara tisa, niliishi kati ya wazee wawili wanaohesabu vifaa kwa namna moja, na sikuwahi kufikiri. Niliona ni tabia ya wazee. Hili ndilo linaloniamsha alfajiri.

Nilimaliza chuo mwaka jana. Baada ya miezi mingi ya kutuma barua nikaitwa kwenye usaili na kampuni ndogo ya kutengeneza ndege kwenye uwanja wetu wa Kisumu. Walitaka mtu wa kutunza kumbukumbu za matengenezo. Kamanda alikuwa ameniandikia barua ya kunipendekeza. Siku moja kabla ya usaili nilikwenda kufanya mazoezi kwake. Aliketi upande wa pili wa meza ya stoo, akavaa sura ya bosi.

"Kwa nini unataka kazi ya ndege?"

Nilikuwa na jibu nililoandaa, zuri, la uongo. Likanikwama. Nikasema kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu yeyote Migosi, kwa sababu ya aibu ya mama.

"Kwa sababu babu yangu alikuwa fundi wa ndege, akafukuzwa kwa koleo ambalo hakulichukua. Koleo namba kumi na saba. Nataka mtu wa familia yetu akae mahali ambapo hesabu inaandikwa."

Uso wa Kamanda ulibadilika rangi, nikadhani moyo umemshika. Nikasimama nimletee maji.

"Kaa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kusikia: "Nenda kwenye ubao. Geuza kile kifuniko."

Nilikigeuza. Rangi ilikuwa imebanduka lakini maandishi yalisomeka. LUTENI.

Alisimulia akiitazama meza. Jumamosi hiyo timu ya taifa ilikuwa na mechi ugenini, ya kwanza kwake. Njumu za raga zina meno ya chuma yanayokazwa kwa skrubu, na jino moja la kiatu chake lilikuwa limelegea. Alipita bandani na begi lake. Fundi wa zamu alikuwa chini ya bawa. Akachukua koleo ubaoni akaze jino hilo. Hakutundika kibati, kwani ilikuwa dakika moja tu. Lori la timu likapiga honi. Akatupa vyote kwenye begi akakimbia. Alilikuta koleo hotelini, nchi nyingine, ndani ya soksi. Aliporudi baada ya siku tisa fundi alikuwa ameshaondolewa.

"Si ungesema?"

"Wangenisimamisha kuruka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Kumi na Tano. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na nilitaka kuruka."

Miaka ishirini na nne ni umri wangu. Hilo lilinishtua vibaya zaidi, kwa sababu nilitafuta ndani yangu uhakika kwamba ningesema, na sikuupata upesi kama nilivyotaka.

"Ulijua mimi ni nani?"

"Siku ya pili ya mazoezi babu yako, akiwa mgeni kwenu, alikuleta kiwanjani kwa baiskeli. Nilimtambua kwa anavyoiegemeza. Nilijifungia ndani ya choo cha shule mpaka alipoondoka."

Miaka kumi na tatu. Nilianza kuhesabu kila kitu alichowahi kunipa: viatu, vitabu, ile namba, ile barua. "Kwa hiyo yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya koleo," nilisema. "Si kwa ajili yangu."

"Mwanzo ilikuwa koleo," alisema. "Baadaye ilikuwa wewe. Siku ilipobadilika siijui."

Nilitoka bila kuaga. Sikumwambia mama. Kwenye usaili nilijibu maswali kama mtu anayesoma ukutani, na wakanipa kazi. Naanza mwanzoni mwa mwezi ujao. Kila nikifikiria hivyo najiuliza kama ni kazi yangu au ni koleo la babu limerudi kwa sura nyingine.

Siku ya nne alibisha lango letu. Alishika begi la zamani la turubai.

"Nataka unipeleke kwake," alisema. "Na kama hutaki, nielekeze tu."

Nilimpeleka. Ilikuwa siku ya soko Pap Onditi, jua limeshapanda. Alikuwa amevaa koti lake la timu ya taifa, lenye nembo kifuani. Tulipofika langoni kwa babu alijitazama, akalivua, akaliacha kwenye kiti cha pikapu.

Babu alikuwa ameipindua baiskeli chini juu na anazungusha gurudumu. Aliinua macho akaniona mimi, akatabasamu. "Nyakwara," aliniita, mjukuu wangu. Kisha akamwona aliye nyuma yangu. Gurudumu likazunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Luteni," babu alisema.

Si Mzee, si Bwana. Cheo cha siku ile.

Kamanda alifungua begi, akatoa soksi ya raga iliyofifia, na ndani yake koleo. Akalinyoosha kwa mikono miwili. Babu hakulipokea. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja, na mimi nilisimama pale nikitamani kuwa mahali pengine popote.

"Namba?" babu aliuliza.

Sikuelewa. Kamanda alielewa. Alisimama wima, visigino pamoja. "Kumi na saba."

"Nani alichukua?"

Akataja jina lake lote.

"Kwa kazi gani?"

"Kukaza jino la njumu."

Nilimwona babu akilitafuna jambo hilo: kiatu. Mdomo wake ulitetemeka, sikujua ni kicheko au nini. "Njumu," alisema. "Tulifungua ndege tatu. Mimi nilijua limo ndani ya ndege. Niliota miaka mingi kwamba ndege imeanguka kwa sababu ya koleo langu, na watu wamo ndani. Lilikuwa kwenye kiatu."

"Ndiyo."

"Kibati?"

"Sikutundika."

Babu akaelekeza kidole ukingoni mwa boma, kwenye kaburi la nyanya yangu lenye saruji. "Yule hakuniamini. Anza na yule. Halafu twende sokoni."

Kamanda alikwenda. Alisimama mbele ya saruji ile, akasema maneno yale yale, namba, jina, kazi, kwa sauti ambayo majirani waliisikia juu ya ua. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

Sokoni babu alitangulia, koleo bado mkononi mwa mwenzake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mzee muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye ndiye aliyempa jina lile tangu zamani na hakuwahi kumwonea haya.

"Mwizi wa Ndege!" mama alimwita kwa furaha. "Leo umeleta mgeni?"

"Sema," babu alimwambia Kamanda.

"Mama, huyu hakuiba kitu. Nilichukua mimi."

"Ndege?"

"Koleo, mama. Ilikuwa koleo tu. Hili hapa."

Yule mama alilitazama koleo, akamtazama Kamanda kuanzia sikio hadi viatu, akamgeukia babu. Watu walikuwa wameanza kusimama. "Koleo?" alisema. "Miaka yote hii tumekuita mwizi wa ndege, na ni koleo? Na wewe si hata mwizi wa koleo?" Akaketi juu ya ndoo yake kama aliyefiwa. "Mbona hukusema?"

"Nilisema," babu alijibu. "Nilisema kila siku."

Hakuna aliyecheka. Muuza nyanya wa upande wa pili alishusha macho na kuanza kupanga nyanya zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Babu akanyoosha mkono, akalichukua koleo, akakagua namba iliyogongwa kwenye mpini, akalitia mfukoni.

"Hesabu imetimia," alisema. "Watu waende nyumbani."

Hakumkaribisha chai. Hakumpa mkono. Nilitaka mmoja wao aseme neno la ziada, ili nijue nimchukie Kamanda au nisimchukie, lakini hawakunisaidia. Tulirudi hadi langoni palipoachwa pikapu. Kamanda alianza kuizunguka, kama kila siku. Gurudumu la mbele kulia. Taa. Mlango. Kila kiganja chake kilipogusa bati, sauti ilisikika hadi ndani ya lango. Alizunguka bampa, akaupita upande wa kushoto bila kugusa chochote, akafungua mlango wake. Sikuwahi kumwona akiruka kitu.

Babu alikuwa ameshaipa mgongo barabara. Akasimama. Akageuka.

"Luteni."

Kamanda alishika mlango.

"Nyuma kushoto," babu alisema. "Hujaligusa."

Kamanda alirudi. Akainama kwa magoti yale mabovu, akaweka kiganja kwenye gurudumu, akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Babu alisimama akimtazama mpaka aliponyanyuka, kisha akaenda kuifunga veranda, na nikasikia spana zikigongana anapozihesabu, moja moja, ingawa jioni ilikuwa bado mbali.